Mkono wa Kwanza Bustanini

Kwa Liz, Homa Bay,
Jumatano, 12 Juni 2024.

Shemeji yangu mpendwa, Willis,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka mjini Homa Bay, ambako upepo wa ziwani unavuma mchana kutwa na kunikumbusha kwamba niko mbali na nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mgongo wako unaendeleaje? Je, yule ng'ombe mwekundu amezaa, na amezaa salama? Kwa upande wangu sijambo. Goti lilifanyiwa upasuaji tarehe tatu, nyuzi zitatolewa Jumatatu ijayo, na mpaka siku hiyo daktari amenikataza kupanda gari. Binti yangu Liz ananitunza kupita kiasi. Ananilisha samaki asubuhi, mchana na jioni, hata juzi nikamwomba kwa unyenyekevu anipikie maharagwe.

Baada ya salamu hizo, nina ombi. Bahasha hii ina jina lako, ila maneno yaliyomo ni ya wote watakaokusanyika hapo Uriri Jumamosi. Uyasome kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka aya. Nimemtuma Liz ailete mwenyewe, na nimempa nakala ya pili aifuatilie akiwa ameketi kando yako. Usichukulie kwamba sikuamini. Nilisahihisha insha za watoto kwa miaka ishirini na tisa, na najua jinsi msomaji anavyoweza kupotewa ghafla na mstari usiompendeza.

Basi niwasalimu kwa utaratibu unaostahili. Nakusalimu wewe Willis, mkubwa wa boma tangu ndugu yako Onyango, marehemu mume wangu, alipotutoka. Nakusalimu Mzee Wangwe, mkubwa wa ukoo, ambaye najua umekuja na kiti chako mwenyewe kwa kuwa huviamini viti vyetu vya plastiki. Nawasalimu mashemeji na wake zenu. Nakusalimu Elijah, mwanangu wa kwanza, pamoja na wadogo zako. Nawasalimu wakaza wana wangu, mliozaliwa Kisii na Kuria, ambao kwa ajili yenu nimeandika kwa Kiswahili ili mtu asihitaji kunong'onezewa tafsiri yenye mapengo. Na mwisho nakusalimu wewe Celestine, mke mwenzangu, ambaye bila shaka wamekuketisha karibu na mlango. Nimekutaja mwisho kwa sababu huko ndiko walikokuweka.

Sasa niseme wazi kwamba nina hasira. Sikuja nayo Homa Bay, imenifuata huku. Jumapili jioni Elijah alinipigia simu, akaniuliza hali ya goti, akaniambia mvua imepungua, kisha kama mtu anayenikumbusha habari ya chumvi akaniambia kwamba mkutano wa Celestine utakuwa Jumamosi. Nikamwuliza mkutano gani. Akasema ule wa kumaliza ile maneno. Nikamwuliza kumaliza vipi. Ndipo akanieleza kwamba familia imeonelea ni vyema Celestine arudi kwao Lambwe akapumzike, na kwamba bustani ile iliyo nyuma ya jiko lake irudi kwa watoto wa kiume wa boma. Nilimwuliza ni nani alionelea. Simu ikaanza kukwaruza, kama zinavyokwaruza simu za watu wenye majibu magumu.

Mmepanga kumfukuza mwanamke kwenye nyumba aliyojengewa na mumewe, na mmeupanga mkutano huo kwa siku ambayo mnajua mguu wangu hauwezi kukanyaga gari. Nawaambia mbele ya Mzee Wangwe kwamba huo si uungwana.

Kwa manufaa ya wale ambao hawakuwepo tangu mwanzo, nitaieleza kesi hii jinsi ilivyo. Celestine ana bustani ya mboga, hatua thelathini kwa ishirini, kati ya jiko lake na barabara. Onyango alimkabidhi mwaka aliomwoa. Humo anapanda nyanya, sukuma wiki, vitunguu, pilipili hoho, managu na ile mboga yetu chungu ya dek. Kila mmoja wenu anayesikiliza amekula kutoka humo. Elijah, wewe mwenyewe ulipougua homa ya matumbo, ni supu ya nyanya za Celestine uliyoweza kuimeza. Alhamisi anapeleka madebe mawili matatu sokoni Rongo, na kwa hayo anamsomesha binti yake mkubwa aliye bwenini Asumbi, na mdogo anayemfuata. Hana mtoto wa kiume. Nalitaja hilo kwa sababu ninyi mnalifikiria bila kulitaja.

Mwezi wa tatu alipandikiza miche mia mbili ya nyanya. Ilishika vizuri. Akaisimamishia vijiti, akaifunga kwa kamba za katani, na kila Jumatatu ikawa inaondolewa machipukizi yanayoota kwapani ili nguvu iende kwenye matunda. Katikati ya mwezi wa nne, mstari wa kwanza, ule ulio karibu na lango, ulianza kubadilika. Majani yalipata mabaka, kijani kibichi hapa na kijani kilichopauka pale. Yale ya juu yakawa membamba na kujikunja kama kamba za viatu. Mimea ikadumaa. Matunda machache yaliyokuja yaliiva upande mmoja, na ukiyapasua unakuta nyama ya ndani ina michirizi ya kahawia. Wiki mbili baadaye mstari wa pili ukafuata, kisha wa tatu. Pilipili hoho zikapata mabaka yale yale. Managu nayo.

Elijah alijitolea kusaidia, nami nilimshukuru wakati ule. Alikuja na pampu mgongoni akanyunyiza dawa ya ukungu. Haikusaidia. Akanyunyiza dawa ya wadudu. Haikusaidia. Akachanganya zote mbili pamoja na sabuni ya kufulia, akasema hiyo sasa ni dozi ya hospitali ya rufaa, na asubuhi yake hata nyuki walikuwa wameihama bustani. Nyanya zikaendelea kujikunja. Hapo ndipo mwanangu, aliyefaulu Baiolojia katika kidato cha nne na ambaye cheti chake nimekihifadhi mimi mwenyewe, alipoitupa pampu chini na kutangaza kwamba huo si ugonjwa wa dawa. Ni chira.

Wakaza wana wangu, chira ni mkosi unaoaminiwa kumwandama aliyevunja mwiko wa boma. Na mwiko aliotuhumiwa nao Celestine ni huu: katika desturi yetu ya golo kodhi, mke mkubwa, anayeitwa mikayi, ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini kila msimu. Baada yake hufuata mke wa pili, kisha wengine kwa daraja zao. Mikayi wa boma hili ni mimi. Elijah alisema kwamba siku ya kupandikiza nyanya alimwona Celestine peke yake bustanini, mchana, akiwa ameshafikia mstari wa tano, wakati mimi nilikuwa Migori mjini kwenye semina ya akina mama wa kanisa. Basi, alisema, amemruka mama. Na bustani imejibu.

Tulikutana tarehe kumi na nane mwezi uliopita kulizungumza hilo. Nilikuwepo, na niliyoyasikia sijayasahau. Elijah alisema kwamba watu wa Lambwe wamezoea kuishi na mbung'o, na kwamba sasa Celestine ametuletea mbung'o wa nyanya. Mkacheka. Willis, na wewe ulicheka, ingawa uliuficha mdomo kwa kofia. Mmoja wa mashemeji akauliza kama zile nyanya zilizouzwa Rongo zimeshaua mtu, au bado zinapiga hesabu. Mkacheka tena. Mwingine akasema mwanamke asiye na mtoto wa kiume ana haraka ya kupanda kwa sababu hana wa kumrithi, na hapo hamkucheka, ila hakuna aliyemkemea. Celestine alisimama na kusema kwa sauti ya chini kwamba hakumruka mtu yeyote, na kwamba mikayi anajua. Elijah akamwambia akae chini, mikayi hajaulizwa.

Mzee Wangwe peke yake ndiye aliyeuliza swali la mtu mzima. Aliuliza kama kuna aliyethibitisha ni nani aliyetia mche wa kwanza. Mkaagiza chai.

Kesho yake lango la bustani lilitiwa kufuli, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa Elijah. Tangu siku hiyo Celestine anaitazama sukuma wiki yake kupitia matundu ya ua, ikirefuka na kutoa maua bila kuchumwa, huku akinunua mboga ya jioni kwa jirani. Alhamisi iliyofuata alikwenda Rongo na vitunguu alivyokuwa amevianika jikoni. Habari zilikuwa zimemtangulia. Mteja aliyenunua kwake kwa miaka sita alimwuliza kama leo anauza vitunguu au anauza chira, na kama chira inapimwa kwa kilo au kwa gorogoro. Alirudi na mzigo wote. Mimi ndiye niliyemsaidia kuutua kichwani. Habari ya sokoni nilikuja kuisikia kwa watu wengine.

Naomba sasa tufikiri pamoja kama watu waliokwenda shule. Katika bustani hiyo hiyo, kwenye udongo huo huo, sukuma wiki ni nzima. Vitunguu ni vizima. Dek ni nzima. Zilizougua ni nyanya, pilipili hoho na managu, ambazo mwalimu yeyote wa kilimo atawaambia ni mimea ya jamii moja. Hii ni chira ya namna gani, inayoingia shambani ikiwa imebeba kitabu cha Sayansi, ikabagua mimea kwa ukoo wake? Celestine alipanda sukuma wiki wiki ile ile aliyopanda nyanya. Kama alinikosea kwa nyanya, alinikosea na kwa sukuma. Mbona sukuma imemsamehe?

Nami nauliza zaidi. Desturi ya golo kodhi niliyoikuta nilipoolewa ilihusu nafaka za shamba kubwa, mtama na mahindi, chakula cha ghalani. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mkali wa mila kuliko ninyi nyote, alipanda mboga nyuma ya jiko lake siku yoyote aliyotaka, na wake wenzake vivyo hivyo. Nani ameipanua sheria mpaka ikafika kwenye nyanya? Nami najibu, kwa kuwa nimemzaa na namjua: ni mtu ambaye tangu mwaka jana amekuwa akisema bustani ile iko mahali pazuri mno karibu na barabara, na kwamba pakimwagwa saruji panaweza kuoshewa pikipiki hamsini kwa siku. Elijah, inua uso unaposomewa na ami yako. Ulitaka kiwanja. Mila umeichukua kama vile mtu anavyochukua jembe la jirani, ili alimie kwake.

Kabla sijaja huku kwa ajili ya goti, nilipitia nyuma ya ua, nikaingiza mkono kwenye tundu na kukata tawi moja lenye majani na tunda. Nililifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaliweka ndani ya mkoba juu ya nguo zangu. Siku moja kabla ya upasuaji nilimwomba Liz anipeleke kwenye duka la dawa za mimea na mifugo la Noor, kijana ambaye baba yake alikuja kufanya biashara hapa mjini kabla Liz hajazaliwa. Noor ana kaunta safi, mizani mbili, na subira ambayo sijaiona katika maduka yetu mengi. Alikuwa akibishana na mteja aliyetaka dawa ya kuku kwa ajili ya mbuzi, akimwambia, mzee wangu, mbuzi wako siku akitaga, njoo nikupe bure. Alipomaliza akalichukua tawi langu, akatoka nalo nje kwenye mwanga, akaligeuza, akalipasua lile tunda kwa kisu kidogo.

Aliniambia kwamba huu ni ugonjwa wa virusi, wa aina ile ya batobato inayotia majani mabaka, na kwamba maabara ingethibitisha lakini dalili zake zimekaa wazi. Akasema hakuna dawa ya kuuponya, na aliyeniuzia dawa ya ukungu kwa ajili yake ameniuzia maji ya rangi. Nikamwambia ilinunuliwa kwingine, akasema alhamdulilahi. Akaniuliza ulianzia wapi. Nikamwambia mstari wa karibu na lango. Akauliza kama uliruka huku na huku au ulitembea kwa mpangilio. Nikasema ulitembea, mche kwa mche. Akatikisa kichwa, akasema basi haukuletwa na mdudu. Mdudu hupepea, hatui kwa foleni. Huu umebebwa na mikono ya mtu anayeondoa machipukizi, anavunja hapa, anavunja pale, na utomvu wa mmea mgonjwa unaingia kwenye jeraha la mmea mzima.

Kisha akauliza swali moja. Aliuliza kama kuna mtu nyumbani anayeshika tumbaku. Alisema virusi hivyo hukaa miaka kwenye jani la tumbaku hata likishakaushwa, hata likisagwa, na kwamba mtu akitoka kuishika na kuingia kwenye nyanya bila kunawa kwa sabuni ni kana kwamba amezichanja.

Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia boma letu liling'oa tumbaku miaka minane iliyopita, na kwamba aliyeongoza kazi hiyo ni mimi. Nilimweleza jinsi nilivyosimama kanisani nikawaambia akina mama wa Uriri kwamba jani lile limewala waume zetu vifua na kuacha mabanda ya kukaushia yakiwa makubwa kuliko nyumba zetu za kulala. Nilizungumza kwa muda. Liz alikuwa ameshaanza kunivuta mkono. Noor alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

Ndugu zangu, nimefika mahali ambapo kalamu inanilemea, na namwomba Willis apunguze mwendo wa kusoma.

Nilipokuwa nikizungumza, Noor aliutazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya kaunta. Alikitazama kidole gumba, na kile cha shahada, jinsi vilivyo na rangi ya kahawia kwenye ncha. Kisha akayaondoa macho yake, akaanza kupima mbegu za vitunguu ambazo hakuna aliyezitaka. Akasema, taratibu kabisa, basi Mwalimu, huyo mtu ambaye hayupo nyumbani kwenu, mwambie anawe kwa sabuni mara mbili, na akipenda achovye mikono kwenye maziwa kabla ya kugusa nyanya, maziwa huvidhoofisha hivyo virusi.

Mtu huyo ni mimi. Nanusa ugoro. Nimeunusa kwa miaka kumi na moja, tangu mwezi ule tulipomzika Onyango, nilipopata kikopo chake kwenye mfuko wa koti na nikakifungua ili nisikie harufu yake tu. Tumbaku mliyoing'oa kwa agizo langu, mimi niliendelea kuinunua Migori kwa mwanamke mmoja anayeniuzia majani makavu yaliyofungwa ndani ya gazeti. Kila alfajiri, kabla hamjaamka, huyasugua mwenyewe kwa vidole hivi, nikachanganya na magadi, nikasaga. Nimekuwa mwenyekiti wa akina mama kwa muda wote huo. Wajukuu wananiuliza kwa nini nina mafua yasiyopona, nami nawaambia ni vumbi la chaki.

Na bado sijamaliza. Siku ya kupandikiza, Celestine alinijia alfajiri akiwa na sinia la miche. Nilikuwa nimetoka tu kusaga. Aliniambia anajua mboga hazimo katika sheria, lakini yeye hana mama hapa, na asingependa kuanza kitu chochote bila mimi. Nikainuka, nikaenda naye, nikatia mche wa kwanza karibu na lango, nikaushindilia udongo kwa mikono hii. Nikatia na wa pili, na wa tatu, kwa kuwa nilifurahi kuheshimiwa. Kisha nikanawa miguu tu, nikavaa kitambaa cha kanisa, nikaenda Migori. Na kila Jumatatu iliyofuata, hakuvunja hata chipukizi moja kabla sijavunja mimi la kwanza. Alinisubiri pale langoni. Nilikuwa naanza mstari, yeye ananifuata. Zaidi ya Jumatatu moja nilitoka moja kwa moja kwenye kinu cha ugoro.

Mnamtuhumu kwamba alimruka mikayi, na nyanya zikafa. Angeniruka, zingekuwa hai.

Mtaniuliza kwa nini sikusema haya tarehe kumi na nane. Mzee Wangwe, uliuliza ni nani aliyetia mche wa kwanza. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Jibu lilikuwa kinywani mwangu, nami nikaliinamia goti langu na kulisugua kana kwamba ndilo lililoulizwa. Nisiseme kwamba sikujua. Noor alinithibitishia tu. Onyango alilima tumbaku miaka ishirini, na mara nyingi alinikataza kuingia kwenye nyanya nikitoka bandani kupanga majani, akisema nyanya na tumbaku haziamkuani. Nilipoyaona majani yale yamejikunja mwezi wa nne, niliyatambua. Nilikwenda nyumbani nikanawa mikono, na sikumwambia mtu. Nilijua kwamba nikisema mkono wa kwanza ulikuwa wangu, swali la pili lingekuwa mkono huo ulikuwa umetoka wapi. Celestine aliposema mikayi anajua, alinigeukia. Nami nikamwacha asimame peke yake mbele yenu, akachekwa, akarudishwa kwenye kiti. Nimewaandikia kurasa kadhaa kwa hasira juu yenu. Kila neno nimelikusudia. Lakini ninyi mlimhukumu kwa kutojua, na Elijah kwa tamaa. Mimi nilimhukumu huku nikijua.

Celestine, nisamehe, kama utaweza. Sikulazimishi, na mtu yeyote hapo asikulazimishe. Wasikwambie kwamba mimi ni mkubwa na mgonjwa. Ukitaka kukaa kimya mpaka nife, utakuwa umekaa kimya kwa haki.

Sasa natoa uamuzi, nikiwa mikayi wa boma hili, kwa madaraka yale yale ambayo mlidai kuyatetea. Kama mliyaheshimu mlipomfungia mwanamke lango, myaheshimu na leo.

Hakuna mkutano wa kumrudisha Celestine Lambwe. Umekwisha sasa hivi, na usiitishwe tena nikiwa hai wala nikiwa nimekufa. Bustani ni yake, na baada yake ni ya binti zake wawili. Namwomba Willis aandike hayo leo, mtie sahihi wote, na nakala ipelekwe kwa chifu Jumatatu asubuhi.

Elijah, mwanangu, simama. Toa ufunguo. Umpelekee Celestine kwa mikono miwili pale alipoketi, mbele ya watu wale wale uliowachekesha, na umwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba ulisema uongo juu yake. Alhamisi utakwenda naye Rongo, umbebee debe, na ukae hapo hapo penye meza yake mpaka yule mteja wa miaka sita apite, umweleze.

Kabla chai haijamiminwa, nyote mliotamka neno chira mtaingia bustanini na kung'oa nyanya, pilipili na managu, mzizi kwa mzizi, pamoja na majani yaliyodondoka. Mzichome mbali na ua. Msitupe hata tawi moja kwenye mbolea. Vijiti na kamba vichomwe pia. Mkimaliza mnawe kwa sabuni. Liz amebeba vipande sita na anajua kuhesabu. Sukuma wiki msiiguse, ni ya Celestine kuchuma au kuiacha. Misimu miwili mitatu mahali hapo pasipandwe nyanya wala jamaa zake. Apande maharagwe, vitunguu, chochote anachopenda, kwa siku anayoipenda.

Na mwisho, najivua kazi ya kutia mbegu ya kwanza katika boma hili, mboga na nafaka pia. Vuli ikifika, kila mwanamke aanze shamba lake mwenyewe mvua inapomruhusu. Mzee Wangwe, kama kuna neno la mila linalohitaji kusemwa ili jambo hilo liwe halali, ulitamke leo, nami nitatoa chochote utakachokitaja. Kuhusu kanisa, nimemwandikia mchungaji barua nyingine. Atawasomea yeye.

Nisalimieni wajukuu, na mwambieni yule mdogo kwamba bibi hana mafua. Willis, uutunze mgongo, usiiname kung'oa, simamia wengine. Goti langu likinipa ruhusa nitakuja Jumanne. Nitashukia barabarani, mbele ya lango la Celestine, na nitabisha. Akinifungulia nitaingia. Asiponifungulia, mtu yeyote asije kunichukua pale mpaka niombe.

Wako kwa heshima na kwa aibu,

Filister Akeyo,
mama Elijah na Liz.